Occupy si jina jingine la maandamano

Tangu Juni 2024, hapa Kenya neno Occupy linabandikwa popote penye mabango na vuvuzela. Wachuuzi wakifunga barabara kupinga ushuru wa kaunti, ni Occupy. Wanafunzi wakienda wizarani kudai mikopo yao ya masomo, ni Occupy. Juzi nimesikia redioni kwamba wakulima fulani "walifanya Occupy" kwa saa mbili, kisha wakatawanyika kwa amani. Saa mbili!

Maana yenyewe haina kona nyingi. Occupy ni namna ya kupinga ambapo watu wanaingia mahali pa wazi, karibu na hao wanaowalalamikia, wanapiga kambi na kukataa kuondoka. Jina lilizaliwa New York mwaka 2011, na waliolalamikiwa walikuwa benki kubwa za Marekani pamoja na serikali iliyoziokoa. Basi, hiyo ndiyo maana. Kinachonikera ni tofauti iliyomo ndani yake, ambayo watu wanairuka.

Anayeandamana anapita. Ana pa kuanzia, ana njia, ana pa kumalizia. Hapa kwetu sheria inamtaka mwandalizi awape polisi taarifa siku 3 hadi 14 kabla, aseme watapita wapi na saa ngapi. Jioni watu wanapanda matatu na kurudi makwao, na aliyelalamikiwa anajua kwamba akivumilia hadi magharibi, siku imeisha. Anayekalia mahali hana njia ya kuandika kwenye fomu, kwa sababu haendi popote. Chukua mdai anayepiga hodi mlangoni kwako, anafoka, anaondoka. Kisha chukua yule anayetandika mkeka kwenye baraza yako na kuinjika sufuria. Wote wawili wanadai. Wa pili ndiye atakayekufanya upige simu usiku.

Mbinu hii ni kongwe kuliko jina. Desemba 1936 wafanyakazi wa General Motors mjini Flint, Michigan, hawakutoka nje kugoma. Waliketi ndani ya viwanda, kando ya mashine, wakakaa siku 44 mpaka kampuni ikakitambua chama chao. Wangetoka nje, wangeajiriwa wengine. Kwa kuwa walikuwa ndani, hakuna gari lililoundwa. Novemba 1969 Wahindi Wekundu walikikalia kisiwa cha Alcatraz, penye gereza lililofungwa, wakakaa miezi 19. Mwanzoni mwa 2011 ikawa zamu ya uwanja wa Tahrir mjini Cairo, na Mei mwaka huo huo uwanja wa Puerta del Sol, Madrid. Kwa hiyo jarida la Adbusters la Vancouver, Kanada, lilipotoa wito Julai 2011 kwamba watu waende Wall Street, mtaa wa mabenki na soko la hisa mjini New York, tarehe 17 Septemba na mahema yao, halikubuni mbinu. Lilibuni anwani.

Anwani hiyo ina historia yake. Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ilianguka. Kwa miaka kadhaa benki zilikuwa zimekopesha watu fedha za nyumba bila kujali kama wataweza kulipa, kisha zikaifunga mikopo hiyo kwenye vifurushi na kuviuza kwa wengine, ambao nao wakaviuza tena. Wakopaji walipoanza kushindwa kulipa, hakuna aliyejua hasara imelala kwa nani, na benki zikaogopa kukopeshana. Tarehe 3 Oktoba 2008 Rais Bush akatia saini sheria iliyotenga dola bilioni 700 za kuokoa sekta ya fedha. Wenye nyumba nao waliendelea kuondolewa majumbani. Machi 2009 ikafichuka kwamba kampuni ya bima ya AIG, ambayo serikali ilikuwa imeitengea zaidi ya dola bilioni 170 isife, imelipa bonasi za dola milioni 165 katika kitengo kile kile kilichoizamisha.

Hapo ndipo ilipotoka kaulimbiu ya Occupy, "sisi ni asilimia 99", yaani sote tusio katika ile asilimia 1 ya matajiri wa juu. Si kwamba Wamarekani walikuwa wamewachukia matajiri ghafla. Taifa lile linawapenda matajiri kupita kiasi. Hasira ilikuwa juu ya jambo moja mahususi: faida ni yao, hasara ni yetu. Tarakimu nazo zilikuwepo. Oktoba 2011 Ofisi ya Bajeti ya Congress, yaani Bunge la Marekani, ilieleza kwamba kati ya 1979 na 2007 kipato cha asilimia 1 ya juu, baada ya kodi na mfumuko wa bei kuondolewa, kilipanda kwa asilimia 275. Cha moja ya tano ya chini kilipanda kwa asilimia 18.

Sasa turudi kwenye kukaa. Siku yenyewe, tarehe 17 Septemba 2011, watu wapatao elfu moja walikuta uwanja wa mbele ya jengo la benki ya Chase Manhattan umezungushiwa uzio. Wakahamia Zuccotti Park, uwanja mdogo usiofika nusu ya uwanja wa mpira, umesakafiwa mawe na una miti michache. Swali ambalo wachache huuliza: kwa nini polisi hawakuwafukuza usiku ule ule?

Kwa sababu uwanja haukuwa wa jiji. Bustani za jiji la New York hufungwa usiku, na ukilala humo unatolewa. Zuccotti ilikuwa mali ya kampuni ya majengo, Brookfield, na hata jina lake ni la aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni hiyo, John Zuccotti. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwenye eneo lile aliruhusiwa kujenga ghorofa nyingi kuliko kanuni zilivyotaka, kwa sharti kwamba aache uwanja ulio wazi kwa umma saa 24. Ghorofa za ziada zikapangishwa miaka yote hiyo. Sharti likasahaulika kwenye faili, mpaka walipokuja watu wenye mifuko ya kulalia. Mpango uliowekwa ili mwenye jengo apate zaidi ndio uliowapa wapinga benki mahali pa kulala. Nikisikia Occupy ikielezwa bila kipande hiki, naona mtu amekula ugali akaacha samaki.

Na kukaa kulizaa mambo ambayo maandamano hayazai. Ukikaa, lazima ule. Jiko likawekwa katikati ya uwanja na michango ya chakula ikaingia kutoka mbali. Maktaba ikafika vitabu zaidi ya 5,000. Zima moto walipochukua majenereta mwishoni mwa Oktoba, watu wakazalisha umeme kwa kukanyaga baiskeli. Wapiga ngoma walizidi kiasi hadi majirani wakalalamika, na wenye kambi wenyewe wakashindwa kulala. Mabishano juu ya saa za ngoma yalikula vikao chungu nzima. Kambi ilikuwa na wezi, walevi na wagonjwa, kama mtaa wowote. Wanaoisimulia kana kwamba ilikuwa peponi hawakusoma.

Ila kitu kimoja nakipenda. Kipaza sauti kilihitaji kibali, na kibali hakikupatikana. Basi msemaji anasema maneno matano sita, ananyamaza, walio karibu wanayarudia kwa pamoja; umati ukiwa mkubwa, walio nyuma yao wanayarudia tena, maneno yanafika mwisho wa uwanja kwa mawimbi mawili au matatu. Hotuba ya dakika kumi inakuwa ya nusu saa. Mwenye porojo anachoka mapema. Na jaribu kumtukana mtu kwa sentensi ambayo yeye mwenyewe, kwa adabu ya kikao, anapaswa kuirudia kwa sauti. Baraza la kila jioni liliendeshwa hivyo, likiamua kwa maelewano badala ya kura, na walioafiki waliinua mikono na kuchezesha vidole ili wasimkatize msemaji.

Watu wa televisheni waliuliza kila siku: madai yenu ni yapi? Wakakata shauri kwamba kambi haina kichwa wala miguu. Swali hilo ni la maandamano. Muandamanaji hubeba waraka wa kukabidhi, ndiyo maana anatafuta ofisi ya kuupokea. Wengi wa kambini, akiwemo mwanaanthropolojia David Graeber aliyekuwa miongoni mwa waandalizi wa mwanzo, waliona kwamba kumpelekea mtu waraka ni kukubali kuwa yeye ndiye mwenye kutoa. Wao walikuwa wakionyesha kwamba hawamngoji. Unaweza kuona huo ni ujinga wa kisiasa, na mimi nusu yangu naona hivyo, maana sheria za benki haziandikwi uwanjani. Lakini angalau utakuwa umeupinga uamuzi wao, hukuuita usahaulifu.

Hata hivyo baadhi ya mambo yaliyofuata yalikuwa ya vitendo kabisa. Mwaka 2012 kundi lililotokana na kambi lilianza kununua madeni. Benki au hospitali ikishakata tamaa na mdaiwa, huuza deni lake kwa senti chache kwa kila dola, na mnunuzi humfuata mdaiwa amlipe yote. Kundi lile lilinunua madeni hayo hayo sokoni, kisha likayafuta. Kwa michango ya dola laki 7 hivi, yalifutwa madeni ya karibu dola milioni 32. Mwenye deni alipata barua tu: huna deni tena. Pia Novemba 2011 kulikuwa na wito wa kuhamisha akiba kutoka benki kubwa kwenda vyama vya akiba na mikopo, yaani sacco za kwao, baada ya Bank of America kutangaza ada ya dola 5 kwa mwezi kwa kutumia kadi. Wito huo haukutoka Zuccotti, ingawa mara nyingi unahesabiwa humo. Benki ilirudi nyuma, ada ikafutwa kabla ya kuanza.

Kambi ilivunjwa usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba 2011, mwendo wa saa saba, ilipobaki siku chache itimize miezi miwili. Watu kama 200 walikamatwa, vitabu vikatupwa kwenye malori ya taka. Mwaka 2013 jiji lilikubali kulipa dola 47,000 kwa ajili ya maktaba ile. London hali ilifanana: uwanja wa mbele ya soko la hisa ulikuwa mali ya watu binafsi, ukafungwa, watu wakapiga kambi mlangoni pa kanisa kuu la St Paul's hadi Februari 2012, na padri mmoja mkubwa, Giles Fraser, akajiuzulu asije akaonekana ameafiki kufukuzwa kwao kwa nguvu. Hong Kong walilala chini ya makao makuu ya benki ya HSBC karibu mwaka mzima.

Baada ya hapo jina likatembea peke yake. Januari 2012 Wanigeria waliingia barabarani kwa jina la Occupy Nigeria petroli ilipopanda kutoka naira 65 hadi zaidi ya 140 kwa lita. Ilikuwa migomo na maandamano, na yalishusha bei hadi 97. Mei 2013 wanaharakati wa Nairobi waliita Occupy Parliament siku walipomwaga damu ya mnyama na kuachilia nguruwe mbele ya Bunge, wabunge walipotaka kujiongezea mishahara. Jina lile lile likarudi Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha. Vijana waliandamana, na tarehe 25 baadhi yao wakaingia Bungeni kwa muda mfupi, na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake rais akasema hatautia saini mswada. Kuyaita maandamano hakuyapunguzii heshima hata chembe. Yalifanya kilichowashinda wa Zuccotti: yaliizuia sheria.

Lakini ukitaka mfano wa Kenya wa kukalia mahali, usianzie 2024. Anzia tarehe 28 Februari 1992, Uhuru Park, kwenye kona inayoitwa Freedom Corner. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walikaa pale na kugoma kula, wakisema hawaondoki mpaka wana wao waachiliwe. Siku chache baadaye polisi waliwavamia kwa virungu na vitoa machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele yao. Hawakurudi makwao. Walihamia kanisa la All Saints, wakakaa katika chumba cha chini ya kanisa hilo karibu mwaka mzima, hadi mapema 1993 wafungwa walipoachiliwa karibu wote. Hawakuwa wakipinga benki, kwa hiyo sitawabandika jina la New York. Ila mtangazaji anayetafuta mfano wa mbinu hiyo hapa nyumbani, huo ndio wa kutaja, na wale wakulima wa saa mbili awaache waitwe waandamanaji.