Woga hautangulii kuondoka

Wiki hii nimepigiwa simu na mzee mmoja. Sendofu ya binti yake ni mwezi ujao, ukoo umempa kutoa neno la familia, na ombi lake ni lilelile ninalolisikia kila mara: "Mwalimu, nitoe woga kwanza, hotuba tutaandika baadaye." Nikamjibu, "Mzee wangu, tuandike leo. Woga utakwenda nao ukumbini."

Nimechoka kuona watu wakikimbia kipaza sauti miaka na miaka, wakingoja siku watakayoamka hawaogopi. Adrenalini ikishaingia kwenye damu, moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, viganja vinalowa. Ukimwambia mtu huyo "tulia", umemwongezea kazi: sasa anapigana na moyo wake huku akitafuta sentensi ya kwanza. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha majaribio ambamo waliojiambia kwa sauti kwamba wana hamasa walihutubia vizuri kuliko waliojiambia wametulia. Hamasa nayo hudundisha moyo, kwa hiyo kutoka kwenye woga kuifikia si mbali. Utulivu ndio uko mbali.

Halafu hili la "wote waliniona natetemeka". Hawakukuona hivyo! Wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha mwaka 2003 kwamba mzungumzaji hudhani woga wake unaonekana kuliko wasikilizaji wanavyouona, na walioelezwa hilo mapema walizungumza vizuri zaidi. Basi acha kufungua na "samahanini, naogopa kidogo". Hapo unawatuma watu wakaangalie mikono yako. Shika kadi ngumu. Karatasi nyepesi hupiga kelele kwenye kipaza sauti. Itifaki iandike yote, jina kwa jina, maana wengi hujikwaa hapo kabla hata ya hotuba.

Vitabu husema rudiarudia, utazoea. Siku hizi nalisema hilo kwa sauti ndogo. Nimewahi kumfundisha mchungaji ambaye mimbarini hatikisiki, lakini kwenye kikao cha ukoo, mbele ya baba zake wadogo, sauti ilimkauka. Mazoezi yangu ya darasani hayakumfaa kitu. Kuzoea watu wa hapa si kuwazoea wa kule.

Ndiyo maana mzee wa sendofu nimemtaka Jumapili asome neno lake nyumbani, mbele ya shemeji zake wawili anaowaogopa kuliko wote. Amekubali mmoja.