Picha za ubongo za mashine mbili: nichanganye au nisichanganye?

"Shikamoo mwalimu. Nina picha za MRI za ubongo, nusu zimepigwa kwa mashine ya tesla 1.5 na nusu kwa ya tesla 3. Nizichambue pamoja?" Wanafunzi wa uzamili hawachoki kuniuliza hivi (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku ya mashine), nami huwauliza kwanza: wagonjwa wako wapi na wazima wako wapi?

Kama wagonjwa wote walipigwa kwa ile ya kwanza na wazima wote kwa ya pili, usijisumbue. Nenda soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga: changu wote wakipimwa kwa mzani mmoja na nguru wote kwa mwingine, utajuaje kama tofauti ni ya samaki au ya mizani? Hata ComBat, njia ya kitakwimu ya kuondoa tofauti za mashine, inayosifiwa kila kona, haikuokoi. Ilitungwa kwa data za jeni, makala yake ikatoka 2007, na mwaka 2017 ikaletwa kwenye picha za ubongo. Inasawazisha wastani na mtawanyiko wa kila mashine. Ugonjwa na mashine vikishikana, haina pa kuvitenganishia.

Kila mashine ikiwa na wagonjwa na wazima, hapo tunaweza kuongea. Chukua picha za utendaji, zile zinazofuata oksijeni kwenye damu. Fungua faili la maandishi linaloambatana na picha usome muda kati ya picha moja na nyingine: tuseme mtu wa kwanza sekunde 2, wa pili sekunde 3. Wote wakilala humo dakika 8, mmoja anatoka na picha 240, mwenzake 160. Usiziunge zikawa mfululizo mmoja. Kila mtu apigiwe hesabu yake kwa mipangilio yake, abaki na kadirio lililogeuzwa kuwa asilimia ya wastani wa mawimbi yake, pamoja na kosa la kadirio hilo. Hizo ndizo zinazopanda ngazi ya kundi. FLAME ya FSL na 3dMEMA ya AFNI, zana za programu mbili za kuchambua picha za ubongo, huzingatia kosa hilo, kwa hiyo mwenye vipimo vya kubahatisha hapewi sauti sawa na mwenye vipimo imara.

Kisha weka kwenye modeli ya takwimu safu ya mashine, yaani inayoonyesha nani alipigwa kwa mashine ipi. Wengi wanaishia hapa, na mimi hapa ndipo naanza kuwa na wasiwasi. Muda wa mwangwi (mashine inavyosubiri kabla ya kusoma mawimbi yanayorudi) na nguvu ya sumaku hukuza hata ile asilimia, yaani huizidisha. Safu ya mashine inajumlisha na kutoa tu. Kwa hiyo ongeza mwingiliano wa kundi na mashine, na uchore ramani ya kila mashine peke yake. Zikipingana, wastani wake haumfai mtu.

Ukubwa wa vokseli, vile vijichemraba vinavyounda picha, haunisumbui sana: zipeleke picha zote kwenye ubongo sanifu, yaani umbo moja la mfano, uzilainishe mpaka ulaini wake ulingane.

Na mashine ikibadilishiwa programu katikati ya utafiti, zihesabu kuwa mashine mbili. Tarehe anayo mtaalamu wa radiolojia. Mfuate kabla hajahamishwa kituo.