Jenereta ya dizeli: nunua ndogo, kisha ifanyishe kazi

Wengi wanaonipigia simu kutaka jenereta huanza na neno moja: kubwa. "Fundi, nitafutie kubwa, nisije nikahangaika." Khofu hiyo naielewa na siidharau hata kidogo. Aliyekuwepo Unguja mwezi wa Mei na Juni 2008, kisha tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, anajua inakuwaje kisiwa kizima kikikaa gizani kwa sababu umeme wake wote unategemea waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, Tanzania Bara, hadi Fumba. Maji yaliadimika kwa kuwa pampu hazikuwa na umeme, na wenye biashara za samaki na nyama walipata hasara. Baadaye Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010, na Unguja ikapata waya mpya wa megawati 100 mwaka 2013. Hata hivyo umeme bado hukatika, na kila unapokatika watu huyakumbuka yale.

Kwa hivyo mtu akipata fedha hununua jenereta ya kVA 30 (kVA ndicho kipimo cha ukubwa wa jenereta) kwa nyumba inayotumia robo yake, akidhani amejiwekea akiba. Kwa injini ya dizeli hiyo si akiba, ni maradhi.

Sababu ni hii. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Dizeli haina plagi. Hubana hewa ndani ya silinda mpaka ikawa moto sana, kisha nozeli inarusha mafuta humo na yanawaka yenyewe. Kila kitu kinategemea joto la silinda. Injini ikiwa na mzigo wa kutosha, silinda hupata moto, mafuta huungua yote, na nguvu ya mlipuko huzisukuma ringi za pistoni zikakaza barabara kwenye ukuta wa silinda. Ukiipa mzigo mdogo kwa saa nyingi, silinda hubaki poa. Mafuta hayaungui yote. Ringi hazikazi, oili inapenya juu, masizi na dizeli mbichi vinachanganyika na kuwa uji mweusi unaovuja kwenye viungo vya bomba la moshi. Ukiuona uji huo usidhani ni oili inayovuja tu, ukaishia kukaza boliti. Injini inakwambia kwamba haina kazi.

Ikiendelea hivyo, ukuta wa silinda hung'arishwa ukawa kama kioo. Silinda nzima ina mikwaruzo midogo ya kiwandani iliyowekwa makusudi ili ishike utando wa oili. Ikishafutika, ringi hazitokaza tena hata ukiiongezea mzigo, na hapo dawa ni kuifungua injini. Nimeshafungua jenereta za namna hii ambazo saa zake za kazi ni chache mno, na mwenyewe anaapa kwamba hajawahi kuichosha. Ni kweli, hajawahi, na ndiyo iliyoiua.

Kwa ufupi: chini ya asilimia 30 ya uwezo wake, dizeli haipaswi kukaa muda mrefu. Inapofanya kazi vizuri zaidi ni baina ya asilimia 60 na 80.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo fedha zinapookolewa. Chukua nyumba ya wageni ya vyumba sita Jambiani. Taa 30 za LED za wati 9 ni wati 270. Feni nane za wati 60 ni 480. Friji tatu na friza moja, tuseme 650 kwa pamoja. Televisheni, intaneti na kuchaji simu, 200. Pampu ya maji ya nguvu farasi moja itavuta kama 1,100. Jumla ni wati 2,700. Ukiongeza viyoyozi sita vya BTU 12,000, kila kimoja kama wati 1,100, unafika 9,300. Hiyo ni iwapo kila kitu kimewashwa kwa wakati mmoja, jambo ambalo hutokea kwa nadra.

Jenereta huandikwa kwa kVA, wala si kilowati. Kwa jenereta za kawaida zidisha kwa 0.8: kVA 15 ni kilowati 12, kVA 30 ni kilowati 24. Kwa nyumba yetu ya Jambiani, kVA 15 inabeba kila kitu, na viyoyozi vikiwa vinafanya kazi iko pale pale inapotakiwa. Ile ya kVA 30 haitofika hata asilimia 40 siku nyumba imejaa. Ikifika saa nane usiku wa Julai, kusi linavuma, viyoyozi vyote vimezimwa na kumebaki feni na friji, itakuwa inabeba kilowati moja na kitu. Hata hivyo itakunywa kama lita moja na nusu hadi mbili kila saa kwa kujizungusha tu. Jenereta yenye mzigo mzuri hutumia kama theluthi moja ya lita kwa kila kilowati-saa inayotoa. Linganisha mwenyewe.

Mtu atauliza: pampu je? Ni kweli kwamba mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, kwa sekunde chache. Hii ndiyo hoja wanayoitumia wauzaji ili ununue kubwa. Lakini huhitaji kununua injini ya mwaka mzima kwa ajili ya sekunde hizo. Washa pampu kwanza, jaza tangi, kisha viyoyozi vifuate kimoja kimoja. Ukinunua viyoyozi vya inveta, hivyo huanza polepole na tatizo hupungua sana.

Ushauri wangu kwa anayeweza ni kugawa kazi. Usiku mwachie betri na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, maana mzigo wa usiku ni mdogo na ndio unaoiua dizeli. Jenereta iwashwe saa chache jioni, ibebe viyoyozi, ijaze tangi la maji na kuchaji betri kwa pamoja, ifanye kazi kwelikweli, kisha izimwe watu walale kwa utulivu.

Jambo jengine linalowakuta wengi: jenereta kubwa nyingi ni za fezi tatu, yaani hutoa umeme kwa nyaya tatu za moto, na nyumba nyingi zetu ni za fezi moja. Mtu hufunga nyumba nzima kwenye fezi moja ya jenereta yenye tatu. Hapo anapata theluthi tu ya alichokilipia, na altaneta, sehemu inayozalisha umeme, inaelemewa upande mmoja. Nyumba ikiwa ya fezi moja, tafuta jenereta ya fezi moja.

Angalia pia kasi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kuna njia mbili za kuupata: injini ya mizunguko 1,500 kwa dakika au ya 3,000. Zile ndogo zinazopozwa kwa hewa, za bei nafuu, ni za 3,000. Zina kelele na huchakaa mapema. Kwa duka linalowasha saa moja moja zinafaa. Kwa nyumba ya wageni chukua ya 1,500 inayopozwa kwa maji, hata ikibidi usubiri miezi kadhaa kukusanya fedha.

Baada ya hapo ni mahali pa kuiweka, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini, kwa sababu makosa ya ukubwa hugharimu fedha lakini ya mahali hugharimu roho. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Dizeli hutoa kidogo kuliko petroli, lakini ndani ya chumba kilichofungwa kidogo hicho kinatosha. Anayeivuta huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala haamki. Jenereta isiwekwe chini ya ngazi, wala kwenye ua wa ndani, wala barazani chini ya dirisha. Iwe nje, angalau mita 6 kutoka kwenye dirisha au mlango, na moshi uelekezwe mbali. Kwa nyumba za Mji Mkongwe hili mara nyingi haliwezekani: vichochoro ni vyembamba, upepo haufiki chini, na moshi wako unaingia chumbani kwa jirani. Wateja wa huko nawaambia waachane na injini kabisa, wanunue betri. Nimepoteza biashara kwa maneno hayo na nitaendelea kuyasema.

Upande wa pwani, tumia pepo zetu. Paje na Jambiani bahari iko mashariki, na kaskazi na kusi zote zinaingia kutoka baharini. Basi jenereta ikae nyuma ya nyumba, magharibi, bomba likitazama bara, na mwaka mzima moshi utakwenda unakotakiwa. Jirani akiwa karibu huko nyuma, nyanyua bomba lipite juu ya mapaa. Nungwi ni kazi zaidi, maana kaskazi linatoka baharini na kusi linatoka nchi kavu. Huko bomba la kwenda juu ni lazima. Rejeta nayo isitazame ukuta wa karibu. Ile hewa ya moto ikigonga ukuta na kurudi, injini itachemka hata kama maji yamejaa.

Umeme wa jenereta uingie nyumbani kwa chenjiova, swichi inayokata upande wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, kabla ya kuunganisha upande wako. Ule waya wa plagi mbili unaochomekwa kwenye soketi ya ukutani ni hatari kubwa. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili: umeme wako mdogo ukirudi mtaani kupitia mita, transfoma huupandisha hadi volti elfu kadhaa, na fundi aliye juu ya nguzo anaamini laini imezimwa. Ni mtoto wa mtu yule. Na waya wa ethi ufungwe kwenye chuma kilichozikwa ardhini, si kwenye bomba la maji la plastiki, kama nilivyoona kwengine.

Kuhusu matunzo sitosema mengi, kitabu cha mashine kinatosha. Oili ya kwanza ibadilishwe mapema, kisha kwa saa zilizoandikwa; nyingi zinazopozwa kwa maji ni kila saa 250. Vyuma vya betri na viungo vya waya vipakwe grisi, maana hewa ya chumvi haina huruma. Ile desturi ya kuiwasha dakika tano kila Ijumaa bila mzigo iachwe. Iwashe mara moja kwa mwezi, nusu saa, viyoyozi na friji vikiwa vimewashwa.

Moshi utakupa khabari zilizobaki. Mweupe usiokatika baada ya injini kupata moto ni dizeli isiyoungua. Wa buluu ni oili. Mweusi ni hewa haba au mzigo uliozidi. Anza kwa kutazama chujio la hewa.

Na dizeli yenyewe. Tangi lililojaa nusu kwa muda mrefu hupumua hewa yetu yenye unyevu, usiku maji yanatuama chini, na baina ya maji na mafuta huota vijidudu vinavyotengeneza utelezi mweusi wa kuziba chujio. Weka tangi limejaa. Kabla ya masika na baada yake, iache jenereta itulie usiku kucha, asubuhi fungua koki ya chini ya tangi na ukinge kwenye chupa nyeupe. Maji yatatangulia, yakifuatiwa na uchafu. Endelea kukinga mpaka ije dizeli safi, ndipo ufunge.