Betri ya Gari la Spoti Lisilotoka Getini: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Magari haya yapo Tanga, ila huyaoni kila siku. Mazda Roadster iko chini ya turubai Raskazone, Celica imewekwa nyuma ya nyumba Chumbageni na mwenyewe yuko Muscat, RX-8 ni ya mtu anayefanya kazi Dar na kurudi kwao sikukuu tu. Hutolewa Idi, hutolewa harusini, kisha hurudishwa bandani. Siku ya kutolewa tena, ufunguo unageuzwa, taa za dashibodi zinafifia, selfu inalia tik-tik-tik, na kila aliyepo ana dawa yake. Nyingi ya dawa hizo zinaua betri ambayo ingepona, na baadhi zinaunguza vitu ghali kuliko betri.

Betri ya gari linaloegeshwa kwa kawaida haiuawi na uzee. Inaisha taratibu ikiwa imekaa, halafu inauawa na kuachwa tupu.

“Gari limezimwa, betri haitumiki”

Inatumika. Alamu inasubiri rimoti usiku kucha, saa inatembea, redio inatunza stesheni, kontroli boksi (kompyuta ya gari) inashikilia kumbukumbu zake. Gari lisilo na hitilafu yoyote hula kati ya miliampia 20 na 50 likiwa limefungwa. Chukua 30: kwa siku ni Ah 0.72 (Ah ni ampia-saa, kipimo cha ujazo wa betri), kwa siku 30 ni karibu Ah 22. Betri ya Ah 40 imeshapoteza zaidi ya nusu na hakuna mtu aliyegusa swichi. Juu ya hapo, betri ya risasi, yaani hii ya kawaida ya gari yenye sahani za madini ya risasi, hujimaliza yenyewe hata ikiwa imefunguliwa na kuwekwa mezani, na kasi hiyo huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto. Banda la bati la Tanga mwezi wa Februari si mahali pa kuisahau betri.

Vinavyozidisha ni vitu vilivyofungwa baadaye: kifaa cha kufuatilia gari, alamu ya bei nafuu, redio kubwa iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri. Fundi umeme anayejua kazi atafungua temino ya hasi, aweke mita kati ya waya na betri, afunge milango, kisha asubiri. Kusubiri huko ndiko wengi wanakokuruka. Kontroli boksi huchukua dakika kadhaa kabla ya kulala, na kwa baadhi ya magari hata nusu saa. Mita ikisoma miliampia 300 dakika ya kwanza, bado si kosa. Ikisoma 300 baada ya nusu saa, kuna kinachonyonya. Hapo anachomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke, na fyuzi iliyoiangusha ndiyo inayomwonyesha pa kutafuta.

“Mwambie dogo aliwashe kila asubuhi dakika kumi”

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu anayeifanya anaifanya kwa moyo mweupe. “Kaka, nimeliwasha kila siku kama ulivyoniambia,” mdogo mtu anajitetea, na ni kweli ameliwasha. Tatizo ni agizo lenyewe. Injini ikinguruma tu bila gari kwenda, oltaneta (jenereta ya gari inayochaji betri) inazunguka polepole na umeme wake ni kidogo. Kijana akiwasha AC na muziki akae humo ndani, kinachobaki kwa ajili ya betri ni kiduchu. Tena betri ya risasi hupokea chaji kwa uvivu inapokaribia kujaa. Sehemu ile ya mwisho huhitaji saa kadhaa, si dakika.

Na hasara haiishii kwenye betri. Injini isiyopata moto wa kutosha huacha maji na petroli ndani ya oili, na mvuke unabaki kwenye ekzozi ukiila kutoka ndani. Kwa RX-8, iliyotengenezwa 2003 hadi 2012, ni mbaya kupita kiasi: injini yake ya rotari ikiwashwa baridi, gari likasogezwa hatua chache ili lioshwe, kisha likazimwa, petroli hulowesha plagi na injini inakataa kuwaka. Betri nayo inamalizwa kwa kupigwa selfu mfululizo.

Kama gari lazima liwashwe, liendeshwe. Kutoka mjini hadi Muheza na kurudi, mara moja kwa wiki au mbili, ni bora kuliko asubuhi thelathini za kunguruma uani. Kama hakuna wa kuliendesha, mwachie dogo chaja ya kutunza betri, ile inayojipunguza yenyewe betri ikijaa. Jambo moja la kuangalia kabla ya kununua: zipo chaja ambazo umeme ukikatika na kurudi hazianzi tena mpaka mtu abonyeze kitufe. Kwa umeme wetu wa kwenda na kurudi, tafuta inayoendelea yenyewe. Pale ambapo hakuna plagi karibu, paneli ndogo ya sola juu ya bati hutosha kufidia kinacholiwa, mradi ipitie kwenye kidhibiti chaji.

“Haikuwaka, basi imekufa” na ndugu yake, “imewaka, basi imepona”

Kabla ya kuilaumu betri, angalia temino. Hewa ya bahari haina huruma, na ule unga mweupe wenye kijani unaoota pale hutoa tik-tik-tik ileile ya betri tupu. Fungua hasi kwanza kisha chanya, mwagia maji ya moto yenye magadi ya kupikia, sugua kwa brashi, suuza, kausha, paka grisi baada ya kukaza. Hasi hutangulia kufunguliwa kwa sababu spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja wakati hasi bado imefungwa, cheche yake inaweza kuyeyusha chuma na kukuunguza mkono.

Temino zikiwa safi, pima. Betri iliyopumzika saa kadhaa ikisoma volti 12.6 au zaidi, imejaa. Karibu 12.2 ni nusu. Chini ya 11.9, hesabu kwamba ni tupu. Ikikwama kwenye 10.5 hata baada ya kuchajiwa, shaka kwamba chumba kimoja kati ya sita kimekufa, kwa sababu kila chumba huchangia volti mbili na kidogo.

Betri tupu si lazima iwe maiti. Kinachoamua ni muda iliokaa tupu. Inapotumika, sahani zake za risasi hufunikwa na salfeti laini, na chaji huirudisha salfeti hiyo kwenye asidi. Ikiachwa wiki kwa wiki bila chaji, salfeti inakuwa chembe ngumu zisizorudi, na kila chembe ni sehemu ya betri uliyoipoteza moja kwa moja. Betri iliyolala jana kwa sababu taa ya buti ilibaki inawaka ina nafasi nzuri. Iliyolala tangu Idi iliyopita, nafasi yake ni ndogo.

Ipe nafasi hiyo kwa chaji ya polepole: sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani ampia 4 hivi kwa betri ya Ah 40, usiku kucha. Ukiambiwa “kaka, nakuchajia nusu saa tu unaondoka nayo,” mshukuru na uende kwingine, maana chaji ya nguvu huipasha moto betri iliyochoka na kuchemsha maji yake. Baada ya kuchaji, iache ipumzike hadi kesho yake ndipo uipime. Mita ikiwekwa dakika ile chaja inatolewa, kila betri huonekana nzima.

Kubusti nako si tiba. Gari likiwaka kwa umeme wa jirani, betri yako bado iko palepale. Oltaneta imetengenezwa kufidia kinachotumika, na kuibebesha betri tupu kabisa ni kuichemsha nayo. Busti ikufikishe nyumbani kwenye chaja.

“Iunganishe kwenye Fuso, ina moto mkali”

Ni kweli ina moto mkali: malori mengi yana mfumo wa volti 24, betri mbili zilizounganishwa kwa mfuatano. Gari lako ni la volti 12. Ukiunganisha hivi unahatarisha kontroli boksi, redio, alamu na betri yenyewe. Tafuta gari dogo la volti 12, hata kama ni Vitz.

Waya nyekundu ianze kwenye chanya ya betri tupu, iende chanya ya betri nzima. Nyeusi ianze hasi ya betri nzima, na mwisho wake ushikwe kwenye chuma cha injini ya gari lililolala, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa haidrojeni na cheche ya mwisho haitakiwi hapo. Subiri dakika chache ndipo upige selfu. Kuondoa ni kinyume chake.

“Betri yoyote inayoingia inafaa”

Roadster za kizazi cha kwanza na cha pili, za 1989 hadi 2005, betri yake iko ndani ya buti. Betri ya asili ya pale ina mpira mwembamba unaotoa gesi nje ya gari. Anayeweka betri ya kawaida ya dukani bila kuunga mpira huo anajaza buti haidrojeni na mvuke wa asidi, na baada ya muda sakafu ya buti inaanza kutoboka. Fungua buti lako uangalie kama mpira upo na umefika nje. Kama unaichajia hapo, kwanza acha buti wazi lipate hewa.

Kwenye betri za Kijapani soma namba yote, mfano 55B24L. Herufi ya mwisho, L au R, inasema temino ziko upande gani. Ukikosea, waya hazifiki, na asiye na subira hulazimisha. Betri kubwa kuliko inayotakiwa nayo haimalizi tatizo. Kama kuna kinachonyonya, umemwongezea chakula.

Mengine, kwa kifupi

“Ongeza asidi iamke.” Kinachopungua ndani ya betri ni maji, asidi hubaki humo. Ongeza maji ya betri peke yake, na kwa betri zilizofungwa usibandue kitu.

“Toa temino gari likiwaka, uone kama oltaneta inachaji.” Tafadhali, usimruhusu fundi kufanya hivi. Betri inatuliza umeme wa oltaneta. Ikitolewa ghafla, volti hupanda na kuunguza kontroli boksi. Mita kwenye temino inakupa jibu hilohilo bila hatari: injini ikiwaka, takriban volti 13.8 hadi 14.4.

“Lisukume.” La otomatiki halisukumwi likawaka. La manyuali huweza, kama betri ina kitu. Ikiwa tupu kabisa, pampu ya petroli na kontroli boksi hazina umeme, hivyo haliwaki. Na likisukumwa mara kwa mara umeme ukiwa hafifu, petroli isiyoungua ikishuka kwenye masega ya ekzozi (kichujio cha moshi) huyaharibu.

“Usiiweke betri kwenye sakafu ya saruji, inanyonywa.” Ilikuwa na msingi zamani makasha yalipokuwa ya mbao. Ya plastiki ya leo hainyonywi.

“Toa temino ya hasi, umemaliza.” Inasaidia sana, ila betri itaendelea kujimaliza polepole, kwa hiyo ichajiwe kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Na kabla ya kufunga boneti, hakikisha unaweza kuifungua tena. Porsche 911 nyingi betri iko mbele, na boneti hufunguliwa kwa umeme. Ikiwa tupu, ni lazima uipe umeme kupitia boksi la fyuzi ndipo uifikie.

Betri iliyokufa kweli isiachwe uani, na asidi yake isimwagwe mtaroni. Usimpe mtu anayepasua betri nyumbani na kuyeyusha risasi jikoni, kwa sababu risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Unaponunua mpya, uliza duka kama linapokea ya zamani.