Meno ya kahawia si uchafu

Binti wa shangazi yangu alikulia Usa River, chini ya Mlima Meru mkoani Arusha. Hacheki bila kupandisha ncha ya kanga mdomoni. Siku ya harusi yake mpiga picha alimbembeleza sana, "Bibi harusi, tabasamu basi!" Albamu nzima amefumba midomo.

Kilichomfikisha hapo ni maneno ya watu kwamba mwenye meno ya kahawia hapigi mswaki. Si kweli hata kidogo. Miamba ya volkeno ya Meru ina madini mengi ya floraidi, nayo huingia kwenye chemchemi na visima. Mtoto akiyanywa maji hayo tangu kuzaliwa hadi miaka minane hivi, wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya taya, ganda la nje la jino hutengenezeka vibaya. Jino huota na mabaka, na mabaka hugeuka kahawia. Ndiyo maana mtu mzima akihamia Arusha leo, meno yake hayabadiliki rangi kwa maji yale yale.

Basi anayeamini ni uchafu husugua. Dada yangu huyu alisugua kwa mkaa, akaja kwenye majivu, akamalizia na mchanga laini, mpaka maji baridi yakawa yanamtia ganzi ya kumtoa machozi. Alikuwa anakwangua jino lenyewe.

Wengine hushauri kuchemsha maji. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki na kuzidi ukali. Kwa macho huioni, haina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachochuja floraidi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Magadi ya kulainishia makande nayo yana floraidi. Hili linaniuma, kwa sababu akina mama wengi hawajaambiwa, na makande yakilowekwa usiku kucha yanaiva bila magadi.

Tena si kweli kwamba hakuna dawa. Daktari wa meno anaweza kuondoa tabaka jembamba lenye rangi, au kulifunika jino. Dada bado hajaenda. Ila mwanawe wa miaka miwili anakunywa maji ya mvua, kutoka kwenye tangi alilolitega chini ya bati.