Mtungi mdogo wa kuzamia: dakika 10 za kwenye boksi

Wengi huuita "mtungi wa oksijeni". Sio. Ndani mna hewa hii hii tunayovuta barazani, asilimia 21 oksijeni na nyingine karibu yote naitrojeni, ila imeshindiliwa. Usimpelekee fundi wa kuchomelea akujazie oksijeni tupu: ukipita mita 6 hivi huanza kuwa sumu, na degedege likikushika chini ya maji umekwisha.

Halafu zile dakika 10 zilizoandikwa kwenye boksi lake. Piga hesabu mwenyewe. Mtungi wa nusu lita ukijazwa presha ya baa 200, yaani kama mara 200 ya presha ya hewa ya kawaida, una lita 100 za hewa. Mtu aliyetulia juu ya maji hupumua lita 15 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo hapo ni dakika 5 au 6. Akishuka mita 10, yaani pima 5 na nusu, presha ni mara mbili, na kila pumzi inakula hewa mara mbili. Zimebaki dakika 3. Akianza kuhema kwa kazi, hata 2 hazifiki, na hapo hatujaweka akiba ya kurudia juu. Kwa kukata wavu uliojisokota kwenye propela, nusu mita tu chini ya maji, kidude hiki kinafaa sana. Kwa nanga iliyokwama kwenye matumbawe, mimi siteremki nacho.

Dhana inayonitisha zaidi ni kwamba maji mafupi hayana madhara, na anayeiamini zaidi ni mzamiaji hodari wa kubana pumzi. Yeye huvuta hewa juu, akashuka nayo, akaibuka nayo. Mapafu yanarudi kipimo kile kile. Lakini ukivuta kwenye mtungi, umejaza mapafu huko huko chini, na hewa hiyo hutanuka kadiri unavyopanda. Chukua mfuko wa rambo (kama bado unao, maana umepigwa marufuku), uujaze hewa ya mtungi mita 10, uufunge, uuachie. Hautafika juu mzima. Pafu nalo laweza kupasuka kwa kuibuka kutoka kina cha zaidi kidogo ya mita 1, hewa ikaingia kwenye damu hadi ubongoni. Basi usibane pumzi kamwe. Hewa ikikatika, ibuka ukitoa pumzi kidogo kidogo, ukisema "aaa" mpaka juu.

Kompresa ya gereji nayo haijazi mtungi: hutoa baa 8 au 10 tu, tena hewa yenye mafuta. Pampu ya mkono ya presha kubwa inaweza, kwa jasho jingi. Mtungi hupata moto, geji inasoma 200, unashangilia. Ukishapoa, sindano imerudi nyuma.

Dukani, kabla ya rangi, tazama begani mwa mtungi. Pawe pamegongwa presha ya kazi na tarehe ya kupimwa. Kama pako laini, mrudishie mwenyewe.