Kitabu kilichoshinda kwa kura za umma si lazima kiwe bora kuliko vyote

Katika magrupu ya wasomaji wa Kisumu na Nakuru, kuna ujumbe usiochoka kuzunguka: eti kitabu kilichoshinda tuzo kwa kura za umma kimethibitishwa na wataalamu kuwa bora. Sivyo. Kura hizo huonyesha kilichopendwa na waliojitokeza kupiga kura, na mara nyingi hakuna anayewauliza kama wamevisoma vile vingine, au hata hicho chenyewe. Mwandishi mwenye wafuasi wengi mtandaoni huanza akiwa mbele. Watu huchanganyikiwa kwa sababu zipo pia tuzo za majaji, ambapo jopo husoma na kujadiliana. Fungua kanuni za tuzo uone nani anachagua. Umaarufu si kosa. Mimi pia huvifurahia vitabu hivyo. Ila ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.